Paina zote kwa mkupuo: chemchemi itakauka?

*Swali: Nina ekari 14 za paina nje kidogo ya mji wa Njombe, zina miaka 17 na hazijawahi kupunguzwa. Amekuja mnunuzi, anataka kukata zote kwa mkupuo Februari hii na atalipa taslimu. Shamba liko kwenye mteremko. Chini yake, kwa urefu wa kama mita 200, kinapita kijito kinachotoka kwenye chemchemi, na ndiko tunakolima vinyungu, bustani zetu za bondeni. Majirani wanasema nikikata zote chemchemi itakauka. Wengine wanasema udongo ukishatoa paina mara moja hautoi tena, heri nichague miti minene tu. Shemeji yangu ana msitu wa asili juu ya shamba langu, naye anataka kuufyeka apande paina. Nifanye nini? Na matawi nichome au niache?*

Kata zote, ndugu yangu, ila si Februari, si ekari 14, na si kwa mwaka mmoja. Habari ya shemeji ni nyingine kabisa, tutaifikia.

Nianze na hili la kuchagua miti minene, maana linasikika kama njia ya upole kumbe ndilo linaloua shamba la paina polepole. Paina iliyojaa Njombe na Mufindi, Pinus patula, ni mti wa jua. Mche wake haukui chini ya kivuli cha mama yake. Ukitoa miti 100 iliyonenepa, palipobaki wazi hapatatoka paina ya maana. Patatoka magugu na vijiti virefu vinavyotafuta mwanga. Unaobaki nao ni miti iliyopinda, yenye pacha na iliyodumaa. Mnunuzi wa pili atachukua afadhali ya hiyo, na wa tatu atakutajia bei ya kuni.

Halafu kuna upepo. Miti iliyosongamana hurefuka bila kunenepa, na kila mmoja husimama kwa sababu mwenzake anaukinga. Pima mwenyewe: chukua urefu wa mti, ugawe kwa unene wake wa kifuani, yaani mita 1.3 kutoka ardhini. Mti wa mita 20 wenye unene wa sentimita 20 una uwiano wa 100. Ukipata 90 kwenda juu katika miti mingi, hilo si shamba la kufunguliwa nafasi katikati. Punguzio lilipaswa kufanyika miti ikiwa na miaka 8 hadi 10. Sasa limepitwa, na upepo wa kusi wa Julai utailaza miti uliyoiacha kama akiba.

Ndiyo maana mashamba makubwa ya paina huvunwa kwa kufyeka kipande kizima na kukipanda upya. Sao Hill, wilayani Mufindi, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote Tanzania, huvunwa hivyo. Kukata kwa mkupuo kwenye shamba la kupandwa ni sehemu ya kilimo chenyewe, kama kuvuna mahindi. Madhara unayoyasikia yapo, lakini mengi hayaletwi na chenso, yaani msumeno wa injini. Yanaletwa na magogo yanavyoburutwa, na kiberiti, na miezi ambayo ardhi inakaa uchi.

Sasa chemchemi. Majirani zako wamepata nusu. Paina ni kijani mwaka mzima, kwa hiyo inakunywa hata kiangazi, na sindano zake hushika sehemu ya mvua ambayo hukauka juu kwa juu bila kugusa ardhi. Ukiondoa miti, maji hayo yanabaki udongoni. Kwa kawaida miaka 2 au 3 ya kwanza chemchemi huongezeka, haipungui. Jambo hili lilipimwa Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1950 katika mabonde ya Kimakia na Kericho nchini Kenya, na Mbeya hapa kwetu. Kimakia, kwenye milima ya Aberdare, mianzi ilifyekwa ikapandwa paina. Miche ilipokuwa midogo bonde lilitoa maji mengi zaidi. Matawi yalipogusana, likarudi kwenye kiwango cha wakati wa mianzi. Mbeya, bonde lililolimwa lilitoa maji mengi kuliko bonde lenye msitu, hata kiangazi.

Usiikimbilie Mbeya kama ruhusa, lakini. Udongo wa mabonde yale ni wa majivu ya volkano, unafyonza mvua kama sifongo hata ukiulima. Kwingine mambo hugeuka. Chemchemi yako hainywi mvua moja kwa moja. Inakunywa maji yaliyozama juu mlimani miezi iliyopita. Ukiigandamiza ardhi ya juu kwa matairi ya trekta na njia za magogo, mvua inateleza juu kwa juu. Kijito kinafurika saa moja baada ya mvua, kikiwa na rangi ya chai ya maziwa, halafu Septemba kinakuwa uzi. Hapo majirani watasema ni kwa sababu miti imekatwa, nao watakuwa wameona kweli wasichokijua sababu yake.

Kuna jaribio moja la Marekani ambalo kila mwenye shamba la miti angefaa kulijua. Hubbard Brook, katika jimbo la New Hampshire, bonde zima la hekta karibu 16 lilikatwa miti yote majira ya baridi ya 1965 kuingia 1966. Magogo hayakutolewa. Yaliachwa yalale hapohapo, bila barabara wala trekta. Kisha kwa miaka 3 wakapulizia dawa ya kuua mimea ili kisiote kitu. Mwaka wa kwanza maji ya kijito yaliongezeka kwa karibu 40%, na nitrati, yaani naitrojeni ya udongo iliyoyeyuka majini, ikapanda mpaka ikapita kiwango cha maji ya kunywa. Angalia vizuri: mmomonyoko wa magogo haukuwepo, lakini rutuba ilivuja, kwa sababu hapakuwa na mzizi wowote hai wa kuidaka. Majani, maharage au miche yako midogo ndiyo nyavu za kuidaka rutuba hiyo. Shamba lililokatwa Juni likapandwa Desemba linavuja kidogo. Lililokatwa na kukaa miaka 2 likisubiri hela ya miche linavuja sana, hasa kama limechomwa au linapaliliwa likabaki jeupe.

Juu ya udongo kuchoka, ushahidi mzuri uko Usutu, nchini Eswatini, ambako Pinus patula hiyohiyo imepandwa na kufyekwa kizazi baada ya kizazi kwenye viwanja vilivyopimwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa sehemu kubwa ya msitu ule, kizazi cha pili na cha tatu hakikupungua kukua. Sehemu ndogo ndiyo iliyoshuka, kwenye udongo wenye fosfati haba uliotokana na mwamba unaomeng'enyeka polepole. Kwa hiyo anayesema paina haitoki mara ya pili anakosea, ila udongo maskini una mpaka wake. Udongo wa nyanda zetu ni wa tindikali na fosfati yake ni haba vilevile, basi usiuibie.

Na kuiba ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Gogo lenyewe, ambalo mnunuzi anaondoka nalo, lina uzito mkubwa lakini virutubisho vichache. Utajiri uko kwenye sindano, vijiti na maganda. Mnunuzi akichukua gogo, amechukua mbao. Wewe ukichoma matawi, umechoma mbolea.

Sasa kazi yenyewe.

Kwanza punguza eneo. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita 60 kwa mita 200 za kijito ni mita za mraba 12,000, karibu ekari 3. Basi mnunuzi ananunua ekari 11. Pima kwa futikamba, piga rangi nyekundu kwenye kila mti wa mpakani, pande mbili, ili anayeshika chenso aione akiwa upande wowote. Paina zilizomo kwenye ukanda huo hazina haraka. Zungumza na ofisi ya bonde lenu, Rufiji au Ziwa Nyasa kutegemea kijito chenu kinateremkia wapi, kuhusu kuzitoa moja moja kwa miaka kadhaa, zikiangushwa kuelekea juu na kutolewa kwa mkono. Palipotoka paina panda mivengi na mikuyu, miti ya asili ya kando ya maji. Usirudishe paina, na mlingoti, yaani mkaratusi, usiukaribishe hapo hata kwa bahati mbaya. Vinyungu navyo viko ndani ya mita hizohizo. Ulizia habari yake papo hapo kabla hajaja mwingine kukuulizia.

Pili, pima mteremko kabla ya kuzungumza habari ya trekta. Funga kamba ya mita 5 kwenye shina la mti kwa juu, chini kabisa usawa wa ardhi, ivute kuelekea bondeni iwe mlalo kwa pima maji, kisha pima kutoka mwisho wa kamba hadi ardhini. Ukipata mita 1.5, mteremko ni 30%. Zaidi ya hapo trekta lisiingie. Mbao zitolewe na wabebaji, au magogo yavutwe na ng'ombe kwa njia za mshazari.

Wengi wenu hupasulia mbao shambani kwa mashine ya dingdong, na kwa upande wa udongo hiyo ni nafuu: kinachotoka ni mbao mabegani mwa watu, si gogo linalochimba mfereji. Tatizo la dingdong ni unga wake wa mbao. Mashine hupenda kuwekwa pa tambarare, na mara nyingi pa tambarare ni kando ya kijito. Unga ukiingia majini huoza ukila hewa ya maji, na wadudu na samaki wadogo hufa. Iweke juu, nje ya mita 60. Unga wenyewe usiuchanganye kwenye vinyungu ukiwa mbichi. Vijidudu vinavyouozesha hukopa naitrojeni ya udongo, na maharage yako yatakuwa ya njano kabla ya kutoa ua.

Februari ikatae. Mvua ya Njombe huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili au Mei, na Februari ardhi imeshiba. Tairi moja kwenye udongo uliolowa huacha alama ambayo mzizi hautaipenya kwa miaka. Mnunuzi akikazana, mkumbushe habari ya bluu: gogo la paina likilala siku kadhaa kwenye unyevu na joto huingiwa na ukungu, mbao zinatoka na michirizi ya bluu, na sokoni zinashushwa bei. Kukata Juni hadi Septemba kunamfaa hata yeye.

Tatu, gawa ekari 11 vipande 3, kila kimoja kama ekari 3.7. Kata kimoja mwaka huu, cha pili mwaka wa tatu, cha mwisho mwaka wa tano. Kila mara kipande cha jirani kiwe tayari kina miche yenye miaka 2, mizizi ikiwa imeshika. Kwa nini usubiri? Paina haichipui. Ukikata mlingoti, kisiki kinatoa machipukizi na mizizi inaendelea kuishi. Ukikata paina, mizizi inaanza kufa siku hiyohiyo. Kwa miaka michache ya mwanzo kilima kinashikiliwa na kamba zinazooza, mpaka mizizi ya miche mipya izipokee kazi. Mvua kubwa ikianguka kipindi hicho kwenye kilima kizima kilicho wazi, udongo unashuka pamoja na mabaki ya magogo. Wakazi wa Tolaga Bay, New Zealand, waliliona hilo Juni 2018, mashamba ya paina yaliyovunwa milimani yalipotema magogo na matawi mpaka mashambani mwao na ufukweni. Visiki kwa hiyo usivung'oe kabisa.

Anza kukata kutoka kaskazini magharibi ukielekea kusini mashariki. Kusi hutoka kusini mashariki, na miti ya ukingo ule imekua ikipigwa nao tangu utoto. Ukiiacha ibaki mpaka mwisho, itaendelea kuwakinga wenzake. Ukianza upande wa kusi, utaivua miti ya ndani nguo mbele ya upepo usioijua. Na faida moja ya kungoja: kipande cha mwisho kitavunwa miti ikiwa na miaka 21, minene zaidi kuliko leo.

Siku ya kukata, simama na mkataji angalau asubuhi ya kwanza. Mdomo, yaani mkato wa upande mti unakoangukia, uingie robo ya unene. Mkato wa nyuma uwe juu ya mdomo kwa sentimita 3 hadi 5, na usiukate mti wote: acha bawaba ya sehemu 1 ya 10 ya unene, sentimita 3 kwa mti wa sentimita 30. Bawaba ndiyo inayouongoza mti. Mkataji mwenye haraka huipitisha chenso mpaka mwisho, mti unazunguka juu ya kisiki na kuangukia unakotaka. Angushia mshazari wa mteremko, kamwe si kuelekea kijito. Watu wengine wakae mbali kwa urefu wa miti 2. Kisiki kisizidi sentimita 15 kwenda juu. Kila sentimita unayoiacha ni mbao iliyo nene kuliko yote, na umeilea miaka 17.

Kwenye mkataba usiuze "shamba kwa macho". Pima unene wa miti 30 kwa kila kipande, ukiichukua bila kuchagua, mmoja kila baada ya hatua 20. Mti wa sentimita 30 kwa mita 22 una kama mita za ujazo 0.7, wa sentimita 20 kwa mita 20 una kama 0.28. Miwili na nusu ya huo mwembamba ndiyo inaufikia mmoja mnene, ndiyo maana bei moja kwa kila mti hukuumiza. Andikeni njia ya kutolea mbao, mahali pa dingdong, kwamba kazi inasimama mvua ikinyesha na siku 2 baada yake, na kwamba 10% ya malipo inabaki kwako mpaka njia zimewekewa matuta ya kukata maji. Tuta moja kila mita 20 linatosha, kina cha sentimita 30, likielekeza maji pembeni kwenye majani. Bila 10% hiyo hayatachimbwa. Wanunuzi si watu wabaya, ila gari lao likishaondoka linakuwa limeondoka. Kibali cha kuvuna anza nacho serikali ya kijiji na ofisa misitu wa wilaya, na hati ya kusafirishia iwe mkononi kabla lori halijapakiwa.

Matawi usichome. Moto mkali huipeleka naitrojeni hewani, na majivu yenye fosforasi na potasiamu husombwa na mvua ya kwanza, tena kuelekea vinyunguni. Kusini mwa Afrika kuna jambo la ziada: joto la moto huamsha mbegu za ukungu uitwao Rhizina undulata, ambao huua miche ya paina iliyopandwa mapema kwenye jivu, kwa hiyo huko husubiri angalau miezi 3.

Badala yake yalaze matawi kwenye kontua, yaani mistari ya usawa inayoukatiza mteremko. Tengeneza fremu A: miti 2 ya mita 2, iunganishe juu, weka ubao katikati, ning'iniza jiwe kwa uzi. Isimamishe, weka alama uzi unapogusa ubao, geuza miguu, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo usawa. Tembea nayo shambani ukichomeka vijiti kila uzi unapokaa katikati. Kwenye mteremko wa 20% hadi 30%, acha mita 10 hadi 15 kati ya mstari na mstari. Laza matawi kwenye mistari hiyo yagusane na ardhi, upana mita 1 hadi 1.5, kimo kisipite kiuno. Yakiwa juu ya hapo hayaozi, yanakauka tu na kungoja kiberiti. Kila baada ya mita 40 katiza mstari, uache mita 3 wazi, ili moto ukiingia usitembee kama kwenye utambi. Majirani wakitaka kuni, wachukue matawi manene. Sindano na vijiti vibaki. Moto ndiyo hatari halisi ya njia hii kati ya Agosti na Novemba, na hakuna ujanja wa kuiepuka zaidi ya kinga moto ya mita 10 iliyolimwa mpaka udongo mtupu pande zote.

Miche iagize kabla ya kukata. Paina hukaa kitaluni miezi 6 hadi 8, kwa hiyo mbegu inayopandwa Aprili au Mei ndiyo itakayokuwa tayari Desemba. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 unahitaji miche 450 kwa ekari. Kwa ekari 3.7, na 10% ya kujazilizia, ni kama 1,830. Usijaribiwe na maotea. Baada ya kukata, na hasa baada ya moto, mbegu za paina hutoka zenyewe kama nywele za kichwani, na wapo wanaoziita zawadi. Ni watoto wa shamba lisilopunguzwa, wenye urithi wa miti mibaya na mizuri pamoja, tena hawajapangika. Ng'oa, panda miche ya mbegu iliyochaguliwa.

Shimo liwe sentimita 30 kwenda chini na 40 kwa upana, katikati ya visiki. Ngoja mvua ilowanishe udongo mpaka kina cha shimo. Mvua ya kwanza ya Novemba mara nyingi ni ya kudanganya. Vua kiriba, yaani mfuko wa mche, chote. Kama mzizi mkuu umejikunja kitako cha kiriba, ukate kwa wembe, maana mche ukipandwa na mzizi uliopinda utakua vizuri miaka 5 kisha uanguke siku ya upepo ukiwa mzima, na watu watasema udongo ni mbaya. Ukungu rafiki wa mizizi ya paina usiuhangaikie. Umo tayari kwenye udongo wa shamba la zamani. Wiki 3 baadaye hesabu, na pengo lijazwe msimu huohuo. Mche wa kujazilizia ukipandwa mwaka unaofuata hautamfikia mwenzake.

Maharage kati ya mistari kwa miaka 2 ya kwanza ni jambo zuri, yakiachwa mita 1 kutoka kwa mche. Yanakulipia palizi na yanadaka ile nitrati tuliyoitaja. Viazi vitamu hapana, marando yake hupanda juu ya mche. Matuta yakifuata mteremko hapana pia. Na mwaka wa 8 au 9 safari hii, punguza.

Sasa shemeji. Kila nililosema hapo juu ni la mti uliopandwa na binadamu, unaopenda jua, wenye mbegu nyingi kitaluni. Msitu wa asili wa milimani si hivyo. Miti yake mingi hutoa mbegu zinazokufa ndani ya wiki kama hazijaota, na miche yake huishi miaka mingi chini ya kivuli ikingoja mti mmoja uanguke. Ukifyeka wote, umeua wazazi na watoto siku moja, na udongoni hakuna akiba. Usambara Mashariki, kuzunguka Amani, uvunaji wa kiwandani wa miaka ya 1970 na 1980 uliacha mapengo makubwa, na yaliyoyajaza si miti ya pale. Ulijaa Maesopsis eminii, mti ambao Uganda huitwa musizi, ulioletwa Amani mwanzoni mwa karne iliyopita. Unakua haraka, na mbegu zake husambazwa na hondohondo. Uvunaji ulisimamishwa miaka ya 1980, na Amani ikawa hifadhi ya mazingira asilia 1997, lakini musizi uko mle mpaka leo.

Hata kwa hesabu ya mfukoni ataumia. Visiki vya miti ya asili hubeba ukungu wa Armillaria, ambao unakula mizizi iliyokufa na kuhamia kwenye iliyo hai jirani. Paina zikipandwa hapo huanza kufa kwa mafungu, miti 5 huku, 8 kule, zikiwa na miaka 2 hadi 10. Chini ya shina utaona utomvu umetoka na kushikamana na udongo. Ukibandua ganda, ndani kuna utando mweupe kama unga wa muhogo. Dawa yake ni kung'oa visiki vyote vya msitu na mizizi minene, kazi ambayo gharama yake haitarudi kwa mbao. Kuna mashamba ya zamani yaliyochoka, yasiyo na visiki vya aina hiyo. Paina zake apande huko. Na maji yanayozama juu ya shamba lako yanatoka kwake, kwa hiyo akiufyeka, ukanda wako wa mita 60 utakuwa unalinda kijito kisicho na cha kulindwa.

Mwambie vilevile kwamba ile kinga moto ya mita 10 kati ya shamba lako na msitu wake muilime pamoja kabla ya Agosti. Moto ukishika matawi yako utapanda mlima, na aliye juu ni yeye.